Vifaranga waliopimwa, karantini au kukausha bwawa: njia ipi ya kukizuia kirusi cha TiLV inakufaa?

Sato ana sifa ya ugumu. Oksijeni ikipungua hupanda juu kuvuta hewa, chakula kikiadimika hula mwani, na maji ya vuguvugu ya bwawa lisilo na kivuli hayamsumbui. Sifa hiyo ndiyo iliyomsambaza karibu kila nchi yenye joto, na ndiyo iliyowafanya wengi wachelewe kuamini kwamba kipo kirusi kinachoweza kumaliza bwawa zima la sato. Kuanzia mwaka 2009 wafugaji wa Israeli waliona samaki wao wakifa kwa wingi bila sababu kujulikana. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba chanzo ni kirusi kipya, ambacho leo kinajulikana kwa kifupi chake, TiLV (Tilapia Lake Virus; tilapia ndiyo jamii ya sato). Ecuador, Colombia, Misri na Thailand nazo zikaingia kwenye orodha. Mwaka 2017 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitoa tahadhari ya kimataifa, na mwaka 2018 watafiti wakaripoti kukikuta kwa sato wa kufugwa na wa asili katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na upande wa Uganda.

Mfugaji akianza kuulizia namna ya kujikinga hupewa ushauri wa kila aina, na mwingi ni sahihi ukiuangalia mmoja mmoja. Shida ni kwamba fedha, nafasi na mikono ya kufanya yote kwa pamoja havipo. Lazima uchague pa kuanzia. Hapa nazilinganisha njia tatu ambazo watu hukwama kati yake: kununua vifaranga waliopimwa, kuwaweka samaki wapya karantini shambani kwako, na kumwaga bwawa lote kisha kulikausha na kuua vimelea kabla ya kupandikiza upya.

Adui mwenyewe

Kuchagua kinga bila kujua tabia ya kirusi ni kubahatisha, kwa hiyo nianze hapo.

TiLV huambukiza majini. Samaki mgonjwa akichanganywa na wazima kwenye tangi moja, wazima nao huugua bila hata kugusana na kitu kingine. Kirusi hupatikana kwenye ute wa ngozi, na ndiyo maana wavu uliolowa au ndoo iliyotoka bwawa la jirani si vitu vya kudharau. Tena kimeonekana kwenye ovari, kwenye korodani na kwenye mayai yaliyorutubishwa, dalili kwamba wazazi wanaweza kuwapa watoto wao.

Wanaokufa zaidi ni wadogo. Mara nyingi mlipuko huja ndani ya mwezi wa kwanza tangu vifaranga wahamishwe kutoka kituo cha kuzalishia kwenda kwenye bwawa la kukuzia, wakati wamechoka na safari na mazingira ni mapya. Kuna mashamba yaliyopoteza asilimia 10 ya samaki, na mengine asilimia 90. Milipuko mingi imeonekana kwenye maji ya nyuzi joto 22 hadi 32, yaani joto lile lile ambalo sato hukua vizuri.

Dalili zake ni kukataa chakula, kuogelea kivivu ukingoni, ngozi kuwa nyeusi au kuchubuka, macho kuingia ukungu, kutumbuka au kudidimia, na tumbo kujaa maji. Hakuna hata moja ambayo ni ya TiLV peke yake. Bakteria wa jamii ya Streptococcus nao hutumbua macho ya sato vizuri tu. Uhakika unatoka maabara, kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi.

Dawa haipo. Nalisema wazi kwa sababu pakizuka vifo, kitu cha kwanza ambacho wengi hukimbilia ni antibiotiki. Antibiotiki haiui kirusi. Ina kazi pale tu ambapo bakteria wameingia juu ya ugonjwa na maabara imewatambua. Vinginevyo ni fedha inayomwagwa majini, pamoja na kuwazoesha bakteria dawa. Samaki wanaonusurika hujenga kinga, lakini samaki anayeonekana mzima anaweza kuwa amebeba kirusi. Kwa mlaji hakuna ushahidi kwamba TiLV huambukiza binadamu.

Tunazipima kwa vigezo gani

Kirusi huingia shambani kwa milango michache: samaki wapya, maji, vyombo na watu, na mabaki ya msimu uliopita. Njia yoyote ya kinga hufunga mlango mmoja au miwili na kuacha mingine wazi. Kwa hiyo kila njia nitaiuliza maswali yale yale: inafunga mlango upi, inadai nini kwako, inavujia wapi, na inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kununua vifaranga waliopimwa

*Mlango inaoufunga.* Samaki wapya, na huu ndio mlango mpana kuliko yote. Thailand, sampuli za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa zilipopimwa upya, zilionyesha kwamba kirusi kilikuwa tayari kwenye vituo vya kuzalisha vifaranga tangu mwaka 2012, miaka kadhaa kabla nchi haijatangaza ugonjwa. Vifaranga waliuzwa na kusafirishwa muda wote huo, na hakuna aliyejua amebeba nini. Ukianza na samaki safi, kazi nyingine zote zinakuwa nyepesi.

*Inachodai.* Fedha zaidi kwa kila kifaranga, kuagiza mapema, na pengine safari ndefu. Kazi ya mikono ni kidogo. Inadai pia ujue kusoma cheti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapodanganyika bila mtu yeyote kuwa na nia ya kuwadanganya.

Chukua kundi la vifaranga 20,000 ambalo asilimia 2 wameambukizwa. Hao ni 400. Kituo kikipima vifaranga 10 tu, uwezekano wa kuwakosa wagonjwa wote ni kama asilimia 82, na cheti kitaandikwa "hakuna kirusi" huku kundi lina wagonjwa 400. Kikipima 60, uwezekano wa kuwakosa hushuka hadi asilimia 30 hivi. Kikipima 150 hushuka chini ya asilimia 5. Maambukizi yakiwa yameenea zaidi, tuseme asilimia 5, sampuli 60 zinatosha kukupa uhakika huo huo. Maabara haina haja ya kufanya vipimo 150. Huchanganya vipande vya samaki watano katika kipimo kimoja, vikawa 30. Kwa hiyo unapoonyeshwa cheti, swali la kwanza ni "mlipima wangapi?"

La pili ni tarehe na kundi. Kipimo cha kundi lililouzwa miezi mitatu iliyopita hakikuhusu. La tatu ni wazazi: walipimwa lini, na je, kuna wazazi wapya walioingizwa baada ya hapo? Kituo kinachojibu haya bila kununa kinastahili bei yake. Kinachosema "sisi hatuna shida hiyo" kimekueleza jambo pia.

*Inapovujia.* Hata cheti kizuri kinahusu siku ile ya kipimo na samaki wale. Njiani mambo hubadilika. Tangi la gari lililobeba samaki wa mtu mwingine jana, bila kusafishwa, linaweza kufuta kazi yote. Maji ya mifuko ya kusafirishia nayo si ya kumwagwa bwawani. Elesha mifuko majini mpaka joto lilingane, ifungue, ongeza maji ya bwawa ndani yake kidogo kidogo, kisha wapitishe vifaranga kwenye kichujio na ukamwage maji ya safari mbali, pasipotiririkia bwawani. Wenye haraka huukata mfuko na kumimina kila kitu. Na baada ya samaki kuingia, njia hii haina cha kusema tena kuhusu maji wala vyombo.

*Inamfaa nani.* Anayeanza bwawa jipya. Mwenye vizimba ziwani, kwa sababu huyo hana uwezo wa kukausha chochote. Anayepandikiza wengi kwa mkupuo mmoja au miwili kwa mwaka, ambaye gharama ya kipimo inagawanyika kwa maelfu ya samaki. Haimfai sana aliye mbali na kituo chochote kinachopima, maana safari ya siku nzima huwachosha vifaranga kiasi cha kuwafungulia njia magonjwa mengine.

Njia ya pili: karantini shambani kwako

*Mlango inaoufunga.* Ule ule wa samaki wapya, ila safari hii kitasa kiko mkononi mwako, hutegemei neno la muuzaji. Faida ya ziada ni kwamba karantini haichagui ugonjwa. Vimelea vya ngozi, bakteria na vifaranga dhaifu tu vyote huonekana hapo kabla havijafika bwawani.

*Inachodai.* Tangi au bwawa dogo lililojitenga kweli. Kizimba cha wavu ulichokitega ndani ya bwawa lile lile si karantini, kwa sababu wavu huzuia samaki na hauzuii maji. Karantini inataka maji yake, wavu wake, ndoo yake na viatu vyake, na maji yanayotoka yaingie kwenye shimo la ardhini, yasirudi kwenye mfereji unaolisha mabwawa mengine. Mpangilio wa kazi nao una maana: hudumia mabwawa ya zamani kwanza asubuhi, karantini iwe ya mwisho, na ukitoka hapo usirudi kwenye mabwawa kabla ya kunawa na kubadilisha viatu.

Muda gani? Wiki mbili ndizo zinazotajwa mara nyingi, na zinatosha kuukamata ugonjwa uliokuja na kasi. Lakini kwa kuwa milipuko ya TiLV hupenda mwezi wa kwanza baada ya kuhamishwa, mimi ningewaweka mwezi mzima kama nafasi inaruhusu, tena kwenye maji yenye joto la kawaida la ufugaji. Karantini ya maji baridi inaweza kumaliza siku zake kwa utulivu, ugonjwa ukaja kujitokeza bwawani.

Kazi yenyewe ni kuhesabu. Kila asubuhi toa waliokufa, andika idadi. Vifo vya safari huwa vingi siku za mwanzo kisha hupungua. Hilo ni la kawaida. Grafu inayopaswa kukusimamisha ni ile inayokwenda kinyume: siku mbili tatu za utulivu, halafu vifo vinaanza kupanda huku chakula kinabaki kinaelea. Hapo chukua samaki wanaokufa au waliokufa muda si mrefu, waliooza hawafai, uwapeleke maabara kwenye barafu. Kama maabara iko mbali, vipande vidogo vya ini na ubongo vilivyolowekwa kwenye alkoholi kali huvumilia safari vikafaa kwa PCR. Waulize maabara kabla hujakata. Kila moja ina utaratibu wake.

Kuna mbinu moja ambayo haigharimu kitu na watu wachache huitumia. Chukua samaki wako wachache wenye afya kutoka bwawa lisilo na historia ya vifo, wakate ncha ya pezi la mkia ili uwatambue, uwaweke pamoja na wageni. Wageni wanaweza kuwa wabebaji wasioumwa. Wenyeji wako, ambao hawajawahi kukutana na kirusi, wataumwa. Wakimaliza mwezi wakiwa wazima hujapata uthibitisho kamili, lakini umepata ushahidi mzuri kuliko macho yako peke yake. Baada ya hapo hao wapelelezi wasirudi walikotoka. Wapeleke pamoja na wageni, au wapimwe.

*Inapovujia.* Kwenye nidhamu. Siku ambayo wavu wa bwawa kubwa umechanika na mfanyakazi akaazima wa karantini, karantini imekwisha. Inavujia pia kwenye nafasi: vifaranga 20,000 wakibanwa kwenye tangi la vifaranga 3,000 wataanza kufa kwa amonia na kukosa hewa, na hutajua tena kipi ni kirusi na kipi ni msongamano. Halafu kuna samaki anayebeba bila kuonyesha dalili, ambaye hata mwezi mzima anaweza kupita kimya.

*Inamfaa nani.* Anayenunua kidogo kidogo kutoka kwa wauzaji tofauti, na anayekaa shambani kila siku au aliye na mtu wa kuaminika hapo. Kwa anayeingiza samaki wazazi, mimi siioni kama hiari: mzazi mmoja aliyeambukizwa anaweza kuwa chanzo cha vizazi kadhaa. Haimfai anayepandikiza maelfu kwa siku moja bila matangi ya kuwapokea.

Njia ya tatu: kumwaga, kukausha na kuua vimelea

*Mlango inaoufunga.* Mabaki ya msimu uliopita, na kwa kiasi fulani vyombo. Inavunja pia ule mnyororo wa samaki wakubwa kukaa na wadogo mwaka mzima, wakubwa wakiwapa wadogo kila walicho nacho. Wote wanaingia siku moja, wote wanatoka siku moja.

*Inachodai.* Bwawa linaloweza kumwagwa mpaka mwisho, maji ya kulijaza tena, jua, na ustahimilivu wa kukaa wiki kadhaa bila samaki wa kuuza. Kwa mwenye bwawa moja tu hilo la mwisho ndilo zito.

Ugumu wa kweli, ambao maelezo mengi huurukia, ni sato mwenyewe. Jike hubeba mayai na watoto mdomoni, na sato huzaana bwawani hata kama hukupanga. Ukimaliza kuvuna na kudhani bwawa ni tupu, angalia vidimbwi vilivyobaki kwenye nyayo, kwenye shimo la mtoleo, chini ya majani ya ukingoni. Utakuta vitoto vya ukubwa wa punje ya mchele vikizunguka kwenye maji ya kina cha kidole. Ukijaza maji juu yao hujaanza msimu mpya. Umeuendeleza ule wa zamani. Vidimbwi hivyo vikaushwe au vitiwe klorini kimoja kimoja. Kufuga vifaranga wa jinsia ya kiume pekee hupunguza sana tatizo hili, ingawa mara nyingi majike wachache hupenya.

Kisha unafyeka majani, unatoa tope la juu, unaacha jua lipige mpaka ardhi ipasuke nyufa. Chokaa iliyochomwa hutandazwa tope likiwa bado na unyevu, kwa sababu inahitaji maji ili ipandishe pH kufikia kiwango cha kuua vimelea. Chokaa ya kilimo ya kawaida haina nguvu hiyo. Ni nzuri kwa kurekebisha asidi ya udongo na basi. Vaa glavu na ukinge macho, chokaa iliyochomwa huunguza.

Vyombo vina utaratibu wake. Katika majaribio ya maabara, klorini ya hipokloraiti, iodini, formalini na hidrojeni peroksaidi zote zimekiua TiLV. Lakini klorini hupotezwa nguvu na uchafu. Wavu wenye magamba na tope ukiuchovya kwenye klorini, klorini inamalizwa na tope kabla ya kumfikia kirusi. Kwanza sugua kwa sabuni na maji, ndipo uchovye, ndipo uanike juani.

*Inapovujia.* Haina la kufanya kuhusu samaki wapya wala maji mapya. Ukikausha bwawa likawa safi kabisa, halafu ukanunua vifaranga popote, umerudi mwanzo. Na kuna hatari ya aina yake: kumwaga bwawa lenye samaki wanaokufa moja kwa moja mtoni ni kuwapelekea wengine ugonjwa. Kukiwa na mlipuko, funga mtoleo, toa samaki wote, tibu maji kwa klorini, ngoja klorini ipungue nguvu, ndipo uyaachie. Mizoga izikwe kwenye shimo refu na kufunikwa kwa chokaa, mbali na maji, na isipewe mbwa, ndege wala samaki wengine kama chakula.

*Inamfaa nani.* Mwenye mabwawa kadhaa, anayeweza kupumzisha moja huku mengine yakiendelea. Aliye mbali na maabara, kwa kuwa jua na chokaa havihitaji cheti. Na yeyote aliyekwisha kupata mlipuko. Haiwezekani kwa mwenye vizimba, wala kwa mwenye bwawa lililochimbwa chini ya kiwango cha maji ya ardhini, ambalo hujijaza usiku kile ulichokimwaga mchana.

Kwa nini chanjo na mbegu stahimilivu hazimo

Chanjo za TiLV zimekuwa zikitafitiwa, ila mfugaji wa kawaida hawezi kupanga msimu wake juu yake. Mbegu stahimilivu inanivutia zaidi. Utafiti wa taasisi mbili, WorldFish na Roslin Institute ya Scotland, uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia sato wa aina ya GIFT (walioboreshwa kwa kuchagua wazazi) wakati wa mlipuko halisi, ukaona kwamba karibu nusu ya tofauti ya kunusurika kati ya samaki inatokana na urithi. Kuna familia ambazo karibu zote zilikufa na nyingine ambazo karibu zote zilipona. Kwa kipimo cha magonjwa ya samaki hicho ni kiwango kikubwa, na kinawapa wazalishaji wa mbegu sababu ya kuchagua wazazi kwa kigezo hicho. Ukiuziwa vifaranga kwa jina hilo, kumbuka tu kwamba kunusurika na kutobeba kirusi ni mambo mawili.

Chagua kwa hali yako

*Bwawa jipya, halijawahi kuwa na samaki.* Mabaki huna, kwa hiyo fedha yote ya kinga ipeleke kwenye vifaranga waliopimwa. Hata kama bajeti inakubana kupunguza idadi, wachache walio safi watakupa mavuno. Wengi wenye kirusi watakupa hesabu ya mizoga.

*Umepata mlipuko na maabara imethibitisha.* Anza na ya tatu, bila njia ya mkato, kisha ya kwanza. Toa taarifa kwa mamlaka ya uvuvi au mifugo. TiLV ipo kwenye orodha ya magonjwa ya kuripotiwa ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH. Usiwauze waliosalia wakiwa hai kwa mfugaji mwingine, hata wakionekana wazima na hata akikuomba.

*Vizimba ziwani.* Maji huyadhibiti na chini ya kizimba hapakauki. Umebaki na vifaranga waliopimwa, pamoja na kuwalea kwanza kwenye matangi ya nchi kavu mpaka wapite ule mwezi wa hatari kama unaweza. Ongeza umbali kati ya kizimba cha wadogo na cha wakubwa, toa mizoga kila siku, na nyavu zisihamishwe kizimba hadi kizimba bila kusafishwa na kukaushwa.

*Unazalisha vifaranga na kuuza.* Kwako njia ya kwanza na ya pili si mbadala. Wazazi wapya wakae karantini na wapimwe. Wazazi wa zamani wapimwe kwa ratiba. Kipimo cha ute wa ngozi kinakuwezesha kumpima mzazi bila kumuua, jambo ambalo kwa mzazi wa thamani ni kubwa. Usiruhusu wateja waje na ndoo zao mpaka kwenye matangi, wapokelee getini.

*Unanunua kidogo kidogo, kila baada ya wiki kadhaa.* Karantini. Bora zaidi, badilisha utaratibu wenyewe: nunua mara chache kwa wingi, kutoka chanzo kimoja. Kila muuzaji unayempunguza ni mlango mmoja chini.

*Uko mbali na maabara na fedha ni kidogo.* Kukausha bwawa kati ya misimu, wavu na ndoo visivyoazimwa, na karantini ya wapelelezi wenye mkia uliokatwa. Tunza fedha ya kipimo kwa siku ya vifo vinavyopanda. Siku hiyo ndipo PCR moja inapokueleza mengi kuliko vyeti kumi.

*Bwawa lako linalishwa na mfereji unaopita kwa wengine kwanza.* Hapa hakuna kati ya hizo tatu inayotosha, maana mlango ulio wazi ni maji. Kichujio cha wavu mdogo kwenye mwingilio huzuia samaki na vitoto vya sato kutoka juu, hakizuii kirusi. Kisima kikipatikana, vifaranga wadogo wawe wa kwanza kupewa maji yake. Kisipopatikana, kubalianeni na mnaoshiriki mfereji mpandikize kwa majira yale yale, na kwamba yeyote ambaye samaki wake wamekataa chakula na kuanza kufa awapigie simu walio chini yake siku hiyo hiyo, ili wafunge miingilio yao na kuiacha imefungwa mpaka majibu ya maabara yarudi.